Kitanda cha Bi Tima

Mchanga ulioletwa na upepo haukuruhusiwa kuzolewa, hata ukiingia chumbani, kwa kuwa matuta ndiyo ukuta pekee uliobaki kati ya Mambrui na bahari. Kila siku upepo ulipanda tuta kwa kasi, ukavuka kilele, kisha ukalegea upande wa pili na kuumwaga mzigo wake kwenye nyumba ya Barke.

Barke aliishi na mama mkwe wake, Bi Tima, aliyepooza miguu. Walikuwa wameomba nyumba huko bara, lakini majibu hayakuja. Basi kila alasiri Barke alimbeba mama na kumweka kando, akausawazisha mchanga uliojaa chumbani, akakiinua kitanda na kukiweka juu ya mchanga huo.

Siku hiyo afisa wa matuta alikuja na fimbo ya kupimia. Aliingilia dirishani, maana mlango ulikuwa umeshafukiwa.

"Hujazoa hata kidogo. Ahsante, dada," alisema.

"Na mama je?"

"Faili lenu lipo," alijibu bila kumtazama Bi Tima, akatoka kwa magoti.

Barke alimlaza mama kitandani. Bi Tima akanyoosha mkono, kiganja kikagusa boriti ya paa. Akacheka kidogo.

"Hii aliichonga marehemu mume wangu. Sijawahi kuigusa." Kisha, akiwa bado ameishika, akauliza, "Kesho utaniweka wapi, mwanangu?"

Barke alilikung'uta shuka la kujifunika polepole, humo humo ndani, asije akatoa hata chembe moja nje.