Makofi Matatu Majini

Mkono wa mdogo wangu ulipiga maji mara tatu. Ndiyo ishara tuliyokubaliana asubuhi: makofi matatu, mwimbaji amwachie kichwa, apumue.

Mwimbaji hakumwachia.

"Usikate," mwongozaji alimnong'oneza mpiga picha. "Huko ndiko kuigiza!"

Nilikuwa nimesimama majini hadi magotini, nimeshika kibao cha kufungulia picha, kile kinachogongwa kamera ikianza. Juu ya ukuta wa bahari watu walishangilia. Mji huu umezoea kuona mtu akifa mbele ya kamera, kisha anainuka na kujipangusa mchanga.

"Shemeji, mwachie!"

"Tulia, dada." Alikuwa anaitabasamia kamera. "Si alisema anaweza kuishi bila mimi?"

Mkataba wa video ya wimbo waliusaini kabla mdogo wangu hajafungasha nguo zake kwa mumewe huyo na kuhamia kwangu. Ni mimi niliyemwambia kazi ni kazi, nenda ukaimalize.

Vidole vyake, vyenye rangi nyekundu niliyompaka mwenyewe, vilifunguka polepole, vikaelea.

Kibao kile ni cha mbao ngumu, kina bawaba ya chuma pembeni. Nilimpiga shemeji nacho juu ya sikio. Pigo la kwanza, aligeuka kunitazama. La pili, alimwachia. La tatu nilimpiga shemeji huku mdogo wangu tayari ameibuka, anakohoa, ameng'ang'ania sketi yangu.

Shemeji alilala kifudifudi, maji yakibadilika rangi kumzunguka.

Ukutani walipiga makofi, wakisubiri ainuke.