Spika Mpya za Baba Rukia

Tangu sauti za marehemu zianze kuachwa ndani ya magari yao, Mwanaidi alikuwa akielekezwa njia na marehemu mumewe, Baba Rukia. Mwaka wa nne huu. Ila spika za milangoni zilikuwa zimechanika, na mtu aliyekuwa akiadhini mtaa mzima ukatulia sasa alisikika kama aliyebanwa pua. Hilo lilimuuma, akalipeleka gari kwa Kitwana, fundi wa muziki wa magari pale Chumbageni.

"Milangoni tuweke za inchi sita," Kitwana alimshauri, "na nyuma sabufa. Bila besi, mama, sauti ya mwanamume huipati hata nusu."

Akakubali. Fundi alipomaliza kufunga, akawasha gari.

"Mama Rukia, mbele ya soko kata kulia," ilisema sauti nzito, ya mumewe kabisa. Mwanaidi akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, machozi yakimtoka.

Kisha, chini ya maneno yale, besi ikaleta mengine, yakisemwa polepole bila kukoma: "Nimechoka. Nizimeni. Nimechoka."

Kitwana aliweka bisibisi chini.

"Yalikuwepo siku zote," alisema. "Spika zako tu hazikuweza kuyatoa."

"Kumzima kunawezekana?"

"Ukisaini wewe, mama, ni dakika moja."

Mwanaidi alifikiria safari ya kurudi nyumbani, gari likiwa kimya. Akazitazama spika kuukuu zilizolazwa juu ya gazeti sakafuni.

"Ng'oa sabufa, unirudishie hizo milangoni," alisema.