Vibovu vya Ghorofa ya Tisa

Hirut alishika kipanya cha kompyuta, akaona alama ya kichujio juu ya safu ya "Hali" imegeuka buluu. Bosi wake alikuwa ameichuja orodha, akaficha baadhi ya mistari, kabla mgeni hajafika.

Kwenye skrini ya ukutani, mbele ya mkaguzi wa zimamoto, kila kitambua moshi cha jengo kilisomeka "Sawa". Vile kumi na kimoja vya ghorofa ya tisa, kwenye chekechea, havikuonekana kabisa.

Asubuhi hiyo alipanda ngazi mwenyewe, akavifukizia ubani uliobaki baada ya kuchomwa wakati wa kahawa, kimoja kimoja. Hakuna kilicholia. Akaandika "Mbovu" mara kumi na moja. Vidole vyake bado vilinukia ubani.

"Jengo lote Addis hii, hakuna kibovu hata kimoja?" mkaguzi aliuliza huku akitafuna bisi.

"Hata cha dawa," bosi alicheka. "Karibu kikombe cha tatu cha kahawa, mzee, kisha utusainie."

"Namba za mistari zinaruka," Hirut alisema. "Hamsini na tisa, halafu sabini na moja."

Bosi alimwinamia sikioni. "Wewe dada, kazi umeichoka?"

"Sijaichoka. Ndiyo hii naifanya."

"Weka kipanya chini."

Watoto walikuwa wakiimba huko juu. Hirut alifungua ile alama ya buluu.

"Kuchuja hata mimi najua, bosi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. Akaiondoa tiki kwenye "Sawa", akaiweka kwenye "Mbovu".