Kidole Gumba cha Koko

Ngui aliinamisha kichwa mbele ya Koko, bibi mwenye boma, vile vijana huwasalimu wazee huku Kajiado, naye akamwekea mkono wa kulia utosini.

Ulikuwa mkono mkavu, mzito, wenye vidole vinne. Ngui alingoja cha tano kimguse, lakini hakikuja. Mahali pa kidole gumba palibaki kovu laini tu, la zamani.

Fomu ya maswali ya Koko, Ngui aliijazia chumbani kwake mwenyewe huko Kware, bila kufika hapa, mvua ilipoharibu barabara, na alama ya kidole akaipiga mwenyewe. Utafiti wote wa shahada yake ulisimama juu ya fomu za namna hiyo.

Profesa wake, aliyekuja kuukagua, alitabasamu. "Koko, asante. Majibu yako kuhusu maziwa yametusaidia sana."

"Maziwa iko, mtakunywa," alisema Koko. "Kuja kwanza nikusalimie na wewe."

Profesa akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

Aliposimama alifungua faili, akaiangalia alama ya zambarau chini ya maneno "kidole gumba cha kulia", kisha akatoa pedi ya wino mkobani.

"Ngui," alisema polepole, "hebu lete mkono."