Ukili Usiorefuka

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Haya, sogea, mtaa mzima nishawaambia, umebaki wewe tu.

Bi Mnana, yule ndege wa chama cha wasusi, alikuwa hodari wa kusuka kwa mdomo. Siku ya harusi ya binti Swala alikuwa mbioni kumaliza ukili, ule utepe mrefu wa miyaa ya mkindu unaoshonwa ukawa mkeka. Bila mkeka, biharusi angekalishwa juu ya plastiki, na chama kingechekwa mpaka kife.

Alisuka tangu alfajiri. Kila alichosuka kiliteremka nyuma yake kikapita chini ya mlango wa stoo, ambako Mbuzi, mlinzi wa chama, aliwekwa akikunje.

"Bwana Mbuzi, ukili umetosha?"

"Bado mfupi, dada! Panya anakuibia huyo!"

Wasusi wakamrukia Panya, wakataka kumfukuza chamani.

"Jamani! Tangu asubuhi si nipo hapa hapa nachana miyaa nanyi?" akalia Panya.

Ghafla Mnana akahisi ukili unamchomoka mdomoni. "He! Unavutwa! Shikeni!"

Chama kizima kikashika, kikavuta, mlango ukafunguka pu! Akatoka Mbuzi, shingo mbele, ukili umemwingia mpaka kooni. Kumbe alikuwa akimeza kwanza, kucheua angecheua baadaye.

"Nilikuwa... naukunja," akajitetea, na kila neno likatoka na pima nzima ya ukili.

"Endelea kujieleza, baba," akasema Mnana, sindano tayari. "Mkeka haujatosha."