Yowe la "Bandari Kavu"

Eddah alipanda ngazi za studio bila kubisha hodi, akasukuma mlango, akasimama katikati ya chumba bila hata salamu. Na huku Mji wa Kale, mtu akikuingilia kwako bila salamu, ujue amekuja kukuvaa.

"Nani huyo?" akauliza.

Sufyan, fundi wa sauti, akavua hedifoni taratibu. "Karibu, dada Eddah. Keti kwanza."

"Sikuja kuketi. Yowe la mwisho kwenye wimbo wa 'Bandari Kavu' si la Kingi. Nani huyo?"

Kingi alikuwa kaka yake wa pekee, mwimbaji wa Kutu, bendi ya vijana wanne waliokuwa wakipiga metali, muziki wa magitaa mazito na mayowe, kisiwani humu huku majirani wakiwaambia waache makelele. Lori lilimgonga na kumuua pale Makupa siku tisa baada ya onyesho lao kubwa, lile la ukumbi wa nyuma ya Ngome ya Yesu. Onyesho hilo alilirekodi Sufyan. Jana rekodi ilitoka, na kwenye jalada wameandika kwa herufi kubwa: MOJA KWA MOJA, HAKUNA KILICHOONGEZWA.

"Hakuna kilichoongezwa," Eddah akasema. "Mnamdanganya nani? Kingi alikuwa na pumu. Lile yowe lake jembamba lilikuwa likikatika katikati, anavuta pumzi, ndipo analimalizia. Nilikuwa mstari wa mbele, nilimsikia kwa masikio yangu. Hili lenu linakwenda tu, sekunde ishirini na mbili, bila kukatika. Nimehesabu."

Sufyan akaangalia chini. Mwongo wa kawaida angebisha. Huyu hata kubisha hakubisha, na hilo ndilo lililomzidishia Eddah hasira.

"Lirudishe la Kingi," akasema.

"La Kingi halipo."

"Limekwenda wapi?"

"Unakumbuka Magharibi iliadhiniwa katikati ya wimbo ule. Bendi ikanyamaza, watu wakanyamaza, na mimi nikazima mtambo. Adhana ilipokwisha, Kingi hakungoja mtu, alirukia maikrofoni. Nilipokumbuka kuwasha, yowe limeshapita. Wallahi, dada, nilijilaani."

Eddah alikumbuka vizuri. Kingi alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtiririka, ametulia tuli mpaka mwadhini akamaliza. Walikuwa Wakristo wao, lakini kisiwani ikiadhiniwa ngoma hunyamaza, na hakuna anayehitaji kuambiwa. Kwa hivyo adabu ndiyo iliyompokonya sauti ya kaka yake. Angemkasirikia nani kwa hilo? Akaona heri aendelee kumkasirikia Sufyan.

"Mkaona mumtie Kyalo."

Kyalo ndiye mwimbaji mpya, aliyeletwa kutoka Nairobi kabla hata udongo wa kaburi haujakauka.

"Si Kyalo."

"Ni nani, basi?"

"Nilimpa ahadi mwenyewe kwamba sitamtaja."

"Ahadi," Eddah akasema, akacheka kicheko kibaya. "Umeweza kuweka ahadi, kusema kweli ndiko kumekushinda. Basi fungua ukurasa wenu mtandaoni usome. Nimeshaandika tangu asubuhi."

Alikuwa ameandika hivi: "Aliyepiga yowe hili ni mwigizaji wa kukodi. Hajawahi kufiwa, wala hajui uchungu wa kumzika mtu wake. Anatuigizia tu." Watu zaidi ya mia tatu walikuwa wameshaongeza matusi yao chini yake.

Maneno hayo alikuwa amemsomea mamake asubuhi hiyo wakati wa chai, akitaraji kwamba angalau siku hii moja watakasirika pamoja. Wapi! Mama huyo mazishini kule Rabai hakutoa hata chozi. Jumatatu yake alirudi dukani Biashara Street kupima vitambaa, utadhani katoka likizo. Miaka yote mwanawe alipokuwa akifanya mazoezi chumbani, yeye alikuwa akigonga mlango na kumwambia anyamaze, na sasa kanyamaza kweli. Alimsikiliza Eddah mpaka mwisho, kisha akasema, kwa ile sauti yake iliyokwaruzwa na mafua wiki ya tatu sasa, "Chai yako inapoa." Akachukua mkoba, akaenda kazini. Eddah alibaki mezani akimchukia, na wala hakuona haya.

Pale studio, Sufyan alimaliza kusoma kwenye simu.

"Futa hii," akasema.

"Sifuti."

"Dada Eddah, nakuomba kwa jina la Mungu. Ifute kabla hajaiona."

"Na aione. Nataka aisome neno kwa neno, apate aibu, asirudie tena kuchezea msiba wa watu. Na kama hunitajii jina lake sasa hivi, kesho naandika lako."

Sufyan akaisukuma simu kando. Alipogeukia mtambo, uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kabisa. Akazima magitaa. Akazima ngoma. Akazima besi na kelele za watu, mpaka ukabaki mstari mmoja peke yake kwenye skrini, akaurudisha nyuma kidogo, kabla yowe halijaanza.

"Mimi sijamtaja," akasema. "Sikiliza mwenyewe."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mtu akakohoa, akashusha pumzi. Kisha ikaja sauti ya Mama, karibu kabisa na maikrofoni:

"Mlango umeufunga vizuri, mwanangu? Sitaki Eddah ajue kuwa nalia."