Karamu ya Kibingo

"Mama, hiyo pilau unaipikaje?"

Simu ilisoma maoni hayo kwa sauti yake kavu, na Kokugonza akaitupia jicho la hasira. Mikono yake ilikuwa imejaa utomvu wa ndizi alizokuwa akimenya, vinginevyo angeizima.

"Mapishi yametoka wapi tena?" akaifokea. "Nimesema ni mambo ya uandishi! Ya kuandika!"

Tangu aanzishe blogu ilikuwa ni hayo kwa hayo. Akiweka makala kuhusu wasifu wa marehemu, mtu anauliza wapi pa kukodi sufuria. Akiweka ya risala ya harusi, mtu anauliza kama ndizi zichanganywe na maharage. Jamani, watu hawa wana njaa gani?

Mumewe, Rogasian, aliyekuwa akinoa panga mlangoni, alicheka mpaka akakohoa.

"Nilikwambia mimi. Mabloga ni mabinti wa mjini, kucha ndefu, taa usoni. Wewe kucha zako zina udongo wa kibanja, nani atakuamini?"

Hata Celestin, fundi simu aliyemfungulia hiyo blogu, alikuwa ameuliza vilevile: "Tuweke mawigi au vipodozi, mama?" Aliposikia ni uandishi, akaguna, akamwonyesha pa kubonyeza kabla ya kuongea. Jina akalitamka Kokugonza mwenyewe: Karamu ya Kibingo.

Na haki alikuwa nayo. Kibingo nzima ilijua pa kwenda maneno yakigoma. Mwenye msiba alimfuata, mwenye harusi alimfuata. Yeye angezunguka kwenye migomba akitunga kwa sauti, akirudia, akikata, mpaka sentensi ikae. Wenyewe wakayanakili, wakayasoma mbele za watu, wakapigiwa makofi. Lakini walimwita msemaji tu, na hilo lilimuudhi. Alitaka mtu mmoja, basi, mmoja tu, amwite mwandishi kabla hajaingia kaburini.

Alikuwa amekwisha kuamua kuiacha blogu pale simu ilipoita.

"Shikamoo mama. Naitwa Mujuni, nafundisha Kiswahili sekondari. Wanafunzi wangu wanakusoma. Ile yako ya kwamba usianze kumsifu marehemu kabla hujamtaja jina, watu wasije wakadhani wamekosea msiba, wameikariri yote. Njoo utufundishe, mama. Tunataka kumwona mwandishi."

Kokugonza alikaa chini, juu ya maganda ya ndizi, akasahau hata kuitikia marahaba.

Siku yenyewe alivaa kitenge chake cha Pasaka, akapanda bodaboda. Rogasian akafuata kwa ya pili, akajibanza kwenye dirisha la darasa. Alisema amekuja kusindikiza. Uongo mtupu, alikuja kumwona mkewe akiaibika.

Jina la blogu lilikuwa limeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Kokugonza alipita mbele yake bila kulitazama, akawageukia wanafunzi.

"Mama, kabla hujaanza," Mujuni akasema, "tumebishana sana hapa. Kwa nini Karamu? Una maana maneno ni chakula?"

Kokugonza akamkodolea macho. Hata huyu naye!

"Hiyo hapo mfukoni mwako ni nini?" akasema kwa hasira, akimwonyesha kwa kidole. "Si karamu? Karamu ya wino!"

Darasa likaangua kicheko. Dirishani Rogasian alikuwa akijipiga mapaja.

Mujuni hakucheka. Alijitahidi, maskini, akauma midomo, akamnyooshea chaki.

"Kumbe kalamu! Basi tumekuonea bure, mama. Njoo urekebishe mwenyewe, mwandishi wetu. Ni herufi moja tu."

Kokugonza akaipokea chaki, akaigeuzageuza. Akautazama ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akamtazama kijana yule aliyemwita mwandishi.

"Nishike mkono, mwanangu," akasema. "Mimi herufi sijawahi kuandika hata moja."